Feni ya Bi Shamsa

"Fundi hafungui kitu mbele ya mwenyewe."

Aristides alikuwa ameyasema hayo mara tatu asubuhi ile, na mara zote tatu mkewe, Severa, alimjibu kwa kumkung'utia fulana mpya ya kijani karibu na uso. Kifuani fulana iliandikwa TENGENEZA, USITUPE. Ilimbana tumboni, maana walioigawa hawakufikiria kwamba fundi naye anaweza kuwa na kitambi.

"Unadhani kwa nini tunawaambia watu waache kitu, waje kesho?" aliendelea. "Siyo kwamba kazi ni kubwa. Mtu akikuona umemaliza kwa dakika kumi, anaona umemuibia hela yake. Akikuona unahangaika saa mbili, anaona hujui kazi. Kwa hiyo asikuone kabisa."

"Leo hulipwi hata hivyo," Severa alisema. "Vaa, Baba Steven. Mficha uchi hazai."

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Kwa miaka kumi na tisa benchi la Aristides lilikaa kwenye baraza la Mzee Jitendra, Mtaa wa Mchikichi, Kariakoo, kati ya duka la vitenge na ngazi za kupandia ghorofani. Hapakuwa na mkataba wala kodi. Palikuwa na kuzoeana tu, na feni za Mzee zilizotengenezwa bila malipo. Sasa Mzee alitaka kulifunga baraza kwa vioo kabla mwezi haujaisha. Kilichobaki ni stoo ya chini ya ngazi, kijumba chenye dirisha moja na mlango wa chuma. Shivani, mkwe wa Mzee, mke wa mwanawe Urvish, alitaka stoo hiyo iwe chumba cha matengenezo cha mtaa mzima, mahali ambapo watu wangekuja kila Jumamosi kufundishana kutengeneza vitu vyao badala ya kuvitupa. Kingehitaji fundi wa kukaa humo siku zote na kufanya kazi zake.

"Siku ya kwanza ikienda vizuri," Shivani alimwambia Severa, "baba atanipa ufunguo, na mimi nitampa Fundi."

Fundi wa pili aliyealikwa ni Zahoro, msuka mota wa mtaa wa nyuma, naye pia hakuwa na mlango wa kufunga. Severa hakuhitaji kuelezwa zaidi. Wiki nzima alikuwa kwenye simu akiwapigia wateja wa mumewe mmoja mmoja, waje na chochote, hata kama kina ugonjwa mdogo, ili siku hiyo meza ya Aristides iwe na watu kuliko ya Zahoro. Hivyo ndivyo alivyompata Bi Shamsa, muuza vitumbua, jirani yao wa Magomeni, ambaye feni yake ilikuwa imevunjika kitufe cha spidi basi. Aristides hakumwambia lolote kuhusu simu hizo, alitaka aone mwenyewe meza ilivyojaa.

*

Kufikia saa nne baraza halikuwa na pa kukanyaga. Watu wa Kariakoo wakisikia neno bure, hawaulizi bure ya nini. Walikuja na pasi, blenda, majiko ya umeme, redio zilizonyamaza tangu enzi ya mawaziri ambao hakuna anayewakumbuka. Kuli mmoja alikuja na mkokoteni mzima uliokatika ekseli, akaambiwa arudi siku nyingine, akaondoka akitukana kwa sauti ya chini. Shivani alizunguka na kipaza sauti, wageni wake wafadhili wakimfuata na kamera, akieleza kanuni, na kanuni ilikuwa moja: mwenye kitu ndiye anayeshika bisibisi, fundi anaelekeza kwa mdomo.

Na kwa kweli mambo yalikwenda. Severa alikuwa amekaa karibu na ngazi, akiandika majina kwenye selotepu na kuyabandika kwenye vitu. Kutoka pale alimwona mumewe akimwelekeza mwanamke mmoja kuunga waya wa pasi, polepole, bila kumcheka, na pasi ilipopata moto watu walipiga makofi. Mzee Jitendra mwenyewe alishuka akasimama kwenye ngazi ya tatu, mikono nyuma, akitazama. Aristides alicheka mpaka pengo la gego lililong'olewa likaonekana. Severa alijisifu moyoni, na nani angemlaumu?

Ndipo Bi Shamsa akaingia na feni yake ya kusimama kichwani.

"Mangi, mkeo kaniita, nami nimeitika!" alimwambia Aristides, kwa jina la utani ambalo mjini Mchaga yeyote huitwa.

Aristides aliitazama feni, kisha akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Severa alidhani anamshukuru.

"Kitufe tu, Bi Shamsa," Aristides alisema. "Kipo huku chini. Fungua hapa, skrubu mbili."

"Ngoja, Fundi," Shivani alisema kwenye kipaza sauti. "Tufungue na juu pia, watu waione mota. Humu ndani kuna shaba, na shaba ikiishia jalalani ni mali imetupwa."

"Dada, hii inazunguka. Kitu kinachozunguka hakifunguliwi."

"Tunajifunza tu."

Bi Shamsa alikwishazungusha skrubu ya kwanza. Mwanamke aliyekaa mbele ya moto wa vitumbua miaka ishirini, leo anapigwa picha na wageni. Ungemzuia kwa lipi? Alitoa kifuniko, akaitoa mota, akainyanyua juu kama mtu anayeonyesha kuku anayemuuza. Waya zilikuwa nyekundu na zinang'aa.

"Shaba tupu!" alisema. "Marehemu mume wangu aliinunua Unguja. Akaniambia, Shamsa, hii hata wajukuu wataikuta."

Shivani akamgeukia Zahoro, aliyekuwa meza ya pili. "Fundi Zahoro, wewe ndiye msukaji. Waelezee watu."

Zahoro aliipokea mota. Aliigeuza, akaipima uzito mkononi, akaangalia pale ncha ya waya ilipoungwa. Angeweza kusema ndiyo, shaba, na kuirudisha. Mafundi wamesitiriana mambo makubwa kuliko hilo. Severa alimwona akiinua macho kuelekea mlango wa stoo, kisha akayashusha.

"Hii siyo shaba, dada. Ni alumini, imepakwa rangi tu. Ona hapa kwenye ncha, nyeupe."

Shivani alikuwa amemwekea kipaza sauti mdomoni. Hata wauza vitenge walisikia.

"Haiwezekani," Bi Shamsa alisema. "Feni hii haijaguswa na mtu. Fundi wangu ni mmoja, Mangi. Nilimwachia mwaka ule niliofiwa, ikakaa kwake miezi minane..." Akanyamaza, kwa kuwa sasa alikuwa amejisikia mwenyewe.

Watu wote wakamgeukia Aristides. Jasho lilikuwa limeichora fulana yake ramani.

"Niliiazima," alisema.

"Uliiazima kwa nani?" Bi Shamsa aliuliza, na kicheko kikalipuka barazani.

"Zahanati ya masista feni iliungua, wodi ya wazazi, joto la Januari. Mota yako ilikuwa imekaa tu. Nikasema nitarudisha. Ulipokuja ghafla nikakupa inayozunguka. Si ilizunguka? Miaka mitatu sasa."

"Kwa hiyo shaba ya mume wangu inawapepea wazazi wasionijua, mimi umenipa bati lililopakwa hina!"

Kutoka nyuma, mtu akasema neno lile. Alilisema kwa utani, lakini Kariakoo neno mwizi halina utani; wanaume wawili waliokuwa wakipita walisimama wakauliza yuko wapi. Shivani alizima kipaza sauti. Wageni walishusha kamera zao, wakaanza kuangalia simu. Mzee Jitendra aligeuka, akapanda ngazi, ndara zake zikigonga moja moja.

Yule mwanamke wa pasi alirudi mezani, akamwomba mwenzake bisibisi na kuanza kuifungua tena pasi yake, aone kama kila kitu kimo.

*

"Yule Zahoro hafanyi?" Severa aliuliza wakiwa wamefika Jangwani, kwa miguu, kwa kuwa Aristides hakutaka kukaa karibu na watu. "Hajawahi kuazima?"

"Kila benchi linaazima. Vitu vinakaa mwaka, miwili, wenyewe wamesahau. Unatoa kwa huyu unamfaa yule, kesho unapata kwingine unarudisha. Ni kama upatu, Mama Steven. Mwisho wa siku kila mtu kapata."

Severa alikuwa mwanachama wa upatu wa akina mama wa jumuiya, na alijua kwamba katika upatu kila mtu anajua yumo. Bi Shamsa hakuwahi kuambiwa yumo. Hilo lilimuuma, na lililomuuma zaidi ni kwamba yeye ndiye aliyempigia simu.

"Ungeniambia," alisema.

"Ningekwambia nini? Nilikwambia mara tatu."

Siku zilizofuata wateja walikuja barazani kama watu wanaodai maiti. Waliotelekeza vitu tangu miaka mitano iliyopita walivikumbuka siku hiyo hiyo. Walivifungulia pale pale chini, wasijue wanachokitafuta, wakihesabu skrubu. Mmoja alidai redio yake ilikuwa na betri. Mwingine alimpigia Aristides kelele kwa ajili ya pasi isiyopungukiwa na chochote. Wote walimwita "wewe". Lile jina la Mangi, walilomtania nalo kwa mapenzi miaka yote, lilikuwa limekwisha midomoni mwao. Watu husema Kariakoo ni hodari kwa kutia mchanga kitumbua cha mwenzio. Safari hii mwenye vitumbua ndiye aliyeutia, na kwa haki yake.

Jumatano Shivani alimfuata Severa pembeni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba hataki kusikia jina la Fundi. Anasema nimpe Zahoro, angalau amesema kweli mbele ya watu. Lakini mimi nimemwona Fundi anavyofundisha. Zahoro hajui kufundisha, anafoka." Alivua miwani akaifuta kwa ncha ya mtandio. "Jumamosi tuna siku ya pili. Bi Shamsa akija, akasema kwa mdomo wake mbele ya baba kwamba amerudishiwa haki yake na ameridhika, mimi nitapigania. Asipokuja, mama, sitakuwa na la kusema."

*

Severa alivunja kibubu. Ilikuwa nauli ya kwenda Rombo Krismasi, na kilichokuwemo kilitosha kununua waya wa shaba halisi na kubakiza nauli ya kwenda nusu ya njia. Aristides aliuchagua waya mwenyewe, akaung'ata, akaunusa, akamfanya muuzaji aupime mara mbili.

Alisuka mota ile, iliyokuwa imebaki barazani tangu Jumamosi, chumbani kwao Magomeni, ameketi sakafuni karibu na mlango penye mwanga, Severa akimshikia kibonge cha waya na kukiachia taratibu. Alihesabu mizunguko kwa sauti, mia, mia mbili, mia tatu, kidole gumba kikilaza kila uzi pembeni ya mwenziwe. Alipokosea mmoja alifungua hamsini akaanza tena. Katika miaka yote ya ndoa Severa alikuwa amepokea vitu, ameandika majina, amewafokea wadaiwa, lakini hakuwahi kumwona mumewe akiifanya kazi hii mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa kazi nzuri. Aliona haya kwamba hakujua ni nzuri kiasi kile, na aliona hasira kwamba hakuna mwingine aliyekuwepo kuiona.

"Hii imezidi ile ya Unguja," Aristides alisema alipoipaka vanishi. Ilikuwa mara ya kwanza kutabasamu tangu Jumamosi.

*

Ijumaa baada ya sala walipiga hodi kwa Bi Shamsa. Alikuwa uani na wapangaji wenzake, wanachambua mchele. Pembeni yake alikaa mdogo wake Mboni, mwanamke mwenye mdomo usio na mlango. Feni ilikuwa imeegemezwa ukutani, kichwa chake hakina mota.

"Karibuni," Bi Shamsa alisema, bila kuinuka.

Aristides aliiweka mota juu ya ungo uliokuwa mtupu, akachuchumaa. "Bi Shamsa, nilikukosea. Sikukuambia. Hii ni shaba, nimesuka kwa mikono yangu. Naomba uipokee, yaishe."

Bi Shamsa aliitazama kwa muda, na uso wake ukaanza kulegea. Alikuwa mtu mwema. Huzuni ilikuwa ya mumewe kuliko ya mota. Labda angeipokea pale pale.

"Tukwangue kwanza," Mboni alisema.

"Dada, ncha hii hapa. Angalia, nyekundu mpaka ndani."

"Ncha! Zahoro kanambia mchezo wenu. Nchani mnaweka shaba, katikati mnajaza alumini. Tukwangue katikati. Kama ni halali unaogopa nini?"

"Siogopi. Nyuzi hizi zimepakwa vanishi ili zisigusane. Ukikwangua zinagusana, na zikigusana mota inaungua. Twende kwa muuza vyuma chakavu pale barabarani tuipime mizani. Shaba ni nzito, alumini ni nyepesi. Hata mtoto ataona."

"Sikieni jamani! Anatupeleka kwa rafiki zake!"

Wanawake walicheka. Mmoja alisema mwenye haki haogopi kisu. Bi Shamsa alimtazama mdogo wake, akamtazama fundi, akakosa pa kusimama. Na Severa, aliyekuwa akiifikiria Jumamosi na ufunguo na ule mlango wa chuma, aliona yote yakimponyoka kwa sababu mumewe, kwa mara nyingine, alikuwa anaficha.

"Baba Steven," alisema, "waache waone. Padogo tu. Wakishaona yataisha."

Aristides aligeuka akamwangalia. Hakuwa na hasira. Alionekana amechoka tu, kama mtu aliyeulizwa swali lile lile siku nzima. Akaondoa mkono wake juu ya mota.

Mboni aliingia jikoni akatoka na kisu cha vitunguu. Alikwangua katikati kabisa, kwa nguvu za mtu aliyekwisha jua atakachokuta, mara tatu, nne, tano. Vumbi la vanishi likamwagika kwenye ungo. Chini yake ikatokea rangi nyekundu, safi, hata pale alipochimba zaidi. Mboni alikwangua tena upande wa pili. Nyekundu.

"Ni shaba," Bi Shamsa alisema. "Mangi, ni shaba kweli. Nisamehe, ndugu yangu. Kesho nitakuja mwenyewe, nitamwambia yule Mhindi."

Kwa furaha Severa alitaka kuondoka hapo hapo, kabla mtu hajasema neno jingine.

"Nipe niondoke nayo," Aristides alisema. "Nipake vanishi palipokwanguliwa, ikauke siku mbili, nikuletee."

"Ikae kwako tena?" Mboni aliruka. "Ingie shaba, itoke nini? Funga hapa hapa, tuione inazunguka."

Na Bi Shamsa, aliyekuwa amemwita ndugu sekunde ile tu, aliitikia kwa kichwa. "Funga tu, Mangi. Yaishe leo."

Angeweza kukataa. Severa alilifikiria hilo siku nyingi baadaye. Lakini mtu aliyeitwa mwizi hawezi kutoka kwenye ua wa watu amebeba mota ya watu. Aristides aliifunga, skrubu moja moja, kwa uangalifu ule ule kana kwamba ingepona. Mpangaji mmoja akachomeka waya ukutani.

Feni ilizunguka. Ilizunguka vizuri, kimya, upepo ukazipeperusha khanga za wanawake, na mmoja akapiga kigelegele kifupi. Kisha ikaanza kuunguruma. Harufu ikaja kabla ya moshi. Aristides hakuinuka, ni Severa aliyerukia ukutani akachomoa, akaunguza vidole. Moshi mweusi ukatambaa juu ya mchele uliochambuliwa nusu.

Mboni alipiga makofi ya kustaajabu. "Mmeona? Mmeona wenyewe?"

Bi Shamsa hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Aliisogelea feni ya mumewe, akaigusa kichwani, akautoa mkono haraka kwa moto.

"Ile yako ya wizi ilinipepea miaka mitatu," alimwambia Aristides. "Hii ya halali haikumaliza hata dakika. Ungeniachia tu ile ya wizi."

Severa alifungua mdomo ili aseme, awaambie wote ni kisu chao kilichoiua, kisha akakumbuka ni nani aliyesema padogo tu. Mumewe alikuwa amekwishapiga magoti, anaokota skrubu zake zilizodondoka, na wanawake walikuwa wameinua miguu ili apite.